Miti, tangi, bayogesi ama jiko: shule yako ianze na mradi upi?

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Kemia upande wa Nyando alinipigia jioni, anaongea haraka haraka na furaha, ati bodi imewapitishia pesa kidogo za klabu ya mazingira na prinsipali anataka jibu kufikia Ijumaa, sasa wafanye mradi gani. Nikamuuliza, mwalimu, Desemba nani hubaki hapo shuleni? Akanyamaza kidogo. Akasema soja wa geti, na mama mmoja wa jikoni ambaye hupita kuangalia kuku zake.

Hilo swali ndilo naanza nalo siku hizi na mtu yeyote anayeniuliza. Nimekuwa patroni wa klabu ya mazingira miaka mingi sasa, kwanza shule ya kutwa upande wa Njoro, Nakuru, halafu shule ya bweni huku Kakamega kaunti, na karibu kila mradi niliouona ukifa ulikufa likizoni. Watoto walikuwa wameujenga vizuri, walimu walikuwa na moyo, lakini shule inafungwa wiki nyingi mwisho wa mwaka na mradi hauna likizo, unataka maji, unataka chakula, unataka mtu. So nitalinganisha hii minne ambayo shule zetu hupenda sana, nikiweka miwili miwili kando kwa kando, manake ukijaribu kupima yote minne mara moja unaishia kuchagua ule wenye picha nzuri.

Miti na tangi la mvua

Kila shule huanza na miti na naelewa kwa nini. Ni nchi ya Wangari Maathai hii, Green Belt Movement yake ilianza 1977 na wanawake wakipanda miche, na sasa serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, hadi 13 Novemba 2023 tukapewa sikukuu nchi nzima tutoke tupande. Halafu ni rahisi kuanza. Mbegu unaokota, udongo wa msitu uko, samadi iko, pakiti za maziwa watoto wanaleta kutoka nyumbani mnazitoboa chini mnajaza udongo, na wiki moja klabu iko na nasari ya miche mia tano bila kuomba mtu pesa yoyote ya maana. Kila mtoto anashika kitu kwa mkono wake, hiyo usiidharau, kwa sababu mtoto ambaye ameona mbegu ya lusiola (Wajaluo wanaita siala) ikitoa majani mawili kwenye pakiti aliyoijaza mwenyewe hatang'oa mti wa mtu tena.

Shida ya miti ni kalenda. Grevilia inataka miezi minne hadi sita kwenye nasari kabla haijawa na urefu wa kupandwa. Ukitaka miche iwe tayari kwa mvua ya Aprili, inabidi umwage mbegu Oktoba ama Novemba, na hapo ndio Form 4 wako kwa mtihani, wengine wanafunga, na miche midogo kama uzi inaachiwa soja Desemba nzima halafu jua la Januari. Wengine wanafanya ile ingine, wananunua miche tayari wanapanda Novemba na sherehe na wageni na picha. Tulifanya hivyo Njoro mwaka mmoja, tukapanda miche 300 kwenye uwanja, na Februari tulipozunguka na daftari tukihesabu tulipata 40 na kidogo. Niliumia sana siku hiyo, sio kwa sababu ya miche, ni vile nilivyoona watoto wa Form 1 wakitafuta ile miche waliyoipa majina na hawaioni.

Kitu tulichojifunza baadaye, na ndicho ningetaka ukibebe kama utachagua miti, ni kumwaga mbegu mara tu shule inapofunguliwa Januari. Miche inakua muhula wa kwanza wote na wa pili watoto wakiwa hapo, likizo ya Aprili ni fupi na mvua yenyewe inanyesha inawasaidia kumwagilia, halafu unapanda Julai mwisho ama Agosti. Nakuru huwa na mvua nzuri ya Agosti, na huku Kakamega, Vihiga, Bungoma mvua inaendelea hadi Novemba, kwa hivyo mche unapata miezi mitatu hivi ya kushika mizizi kabla ya kiangazi. Kisumu chini huku kwa tambarare Agosti ni ya kubahatisha zaidi, hapo usipande mingi kuliko ile mnaweza kubebea maji kwa mtungi.

Na kama shule ni ya kutwa, jibu ni rahisi kabisa: miche iende nyumbani. Mtoto apande kwao, Desemba yeye ndiye atakuwa hapo, mama yake atamkumbusha na mbuzi atawafukuza mwenyewe. Hapa Kakamega watoto walikuwa wakigombania miche ya mukombero (ule mzizi wa kutafuna) na avokado kuliko grevilia, kwa sababu wanajua mukombero unauzwa stendi na avokado inaliwa. Wape hiyo. Mti ambao familia inauhitaji unalindwa.

Sasa weka tangi kando ya hiyo. Tangi la maji ya mvua halina Desemba, ama niseme hivi, Desemba ndio linafanya kazi. Shule imefungwa, mvua ya mwisho mwisho inanyesha, hakuna mtu anafungua mfereji, na Januari mnafungua shule mnakuta limejaa. Kati ya miradi yote minne ni hilo peke yake linaloweza kuachwa wiki nane na likawa bora kuliko vile lilivyoachwa.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la chini anaweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua paa la block ya madarasa, mita 24 kwa 8, hiyo ni mita za mraba 192. Ikinyesha milimita 10, umeangukiwa na lita 1,920, lakini sio zote zitafika kwa tangi, zingine zinaruka, zingine zinamwagika gata ikijaa, kwa hivyo zidisha kwa 0.8 upate kama lita 1,500. Kwa mvua moja ya jioni! Nakuru tukichukulia milimita 900 kwa mwaka, hilo paa moja linaleta zaidi ya lita 138,000. Watoto wangu walipofanya hii hesabu mara ya kwanza walirudia mara tatu wakidhani wamekosea.

Lakini fanya na hesabu ya pili ambayo wauzaji wa matangi hawakufanyii. Tangi la lita 10,000, wanafunzi 600, kila mmoja lita 2 za kunywa kwa siku, ni lita 1,200 kwa siku, limeisha kwa siku nane. Kwa hivyo tangi moja halitatui shida ya maji ya shule, linatatua maji ya kunywa wakati wa mvua na wiki moja baada ya mvua kuacha, na ukianza kuliacha lipigie deki madarasa limekwisha Jumatano. Amua mapema ni la nini, uandike juu yake kwa rangi.

Na kuna kitu kimoja kinachofanya tangi lisiwe sawa na miti hata kidogo kama uko Nakuru. Ni floraidi. Maji ya visima virefu sehemu nyingi za Bonde la Ufa yako na floraidi nyingi kutoka kwa mawe ya volkano, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisipitwe ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi nyingi huharibu meno, nimefundisha watoto Njoro wanaoficha meno wakicheka. Watu husema chemsha, kuchemsha hakutoi floraidi, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale, so unaishia na nyingi zaidi kwa kila kikombe. Kuna vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ambavyo vinaishika, na vimetengenezwa Nakuru hapo hapo kwa miaka, lakini ile mifupa inachoka na inabidi ibadilishwe. Maji ya mvua kwa paa safi hayana hiyo shida kabisa. Kama shule yako iko Njoro, Rongai ama Gilgil na mnakunywa maji ya kisima, mimi naona hakuna haja ya kuendelea kusoma, weka gata, miti itafuata.

Ubaya wa tangi ni pesa, na ni kwamba fundi akishaondoka watoto hawana kazi. Inakuwa mradi wa bursa, yule wa pesa za shule. Sisi tulipambana na hiyo kwa kuwapa Form 2 chombo cha kupima mvua walichotengeneza wenyewe na chupa na rula, kila asubuhi wanaandika ubaoni milimita ngapi na tangi liko wapi, na Jumamosi wanaangalia gata (kutoka chini, sitaki mtoto juu ya paa). Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza, yale yanayoosha kinyesi cha ndege na vumbi. Ukiwa Kisumu ama Busia funga kila tundu na wavu mwembamba manake mbu hawahitaji mwaliko. Na kama paa lenu ni zile asbesto za zamani, yale maji yasinywewe, yamwagilieni nasari.

Bayogesi na jiko jipya

Hapa ndio watu hukasirika nikisema ukweli wangu. Bayogesi inapendwa sana, ikija kwa maonyesho inavuta watu, moto wa bluu kutoka kwa mavi ya ng'ombe, nani hatashangaa. Na mimi niliipigania, nikaandika barua, tukapata mtambo shule ya bweni. Ulifanya kazi miezi saba.

Tuchukue hesabu kwanza kabla ya hadithi. Ng'ombe mmoja wa kufungiwa anatoa kama kilo 15 za mavi kwa siku ambazo unaweza kukusanya. Kilo 25 hivi ndio zinaleta mita moja ya ujazo ya gesi. Shule iko na ng'ombe wanne, hizo ni kilo 60, ni gesi mita 2.4 kwa siku mambo yakiwa sawa. Banari moja ndogo ya nyumbani inakula kama 0.4 kwa saa, kwa hivyo umepata saa sita za banari moja ndogo. Hiyo inapika chai ya walimu, inachemsha maziwa, inakaanga mayai. Githeri ya watoto 600? Haiwezi, hata kidogo, na hakuna fundi anayeweza kubadilisha hiyo, ni ng'ombe wachache tu. Halafu kila kilo ya mavi inataka lita moja ya maji kuchanganya, so ni lita 60 kila siku, na kama shule inanunua maji kwa mkokoteni jiulize nani atakubali.

Ilivyokufa yetu ni hivi. Desemba ng'ombe wawili waliuzwa wakati wa likizo, mtambo haukulishwa, Januari tukaanza kuulisha tena polepole, ukaanza kurudi, halafu ng'ombe mmoja akaugua matiti akadungwa dawa, na mavi yake yakaendelea kuingizwa. Wale bakteria wanaotengeneza gesi ni viumbe hai, dawa inayoua bakteria ya matiti inawaua pia. Hakuna aliyemwambia kijana wa ng'ombe. Mimi ndiye nilipaswa kumwambia. Hata sabuni ya kuoshea zizi ikiingia huko ni shida. Na baridi, ukiwa Molo ama Kuresoi gesi inakuwa kidogo kwa sababu hao bakteria wanapenda joto la kama nyuzi 35, kwa hiyo Kisumu inawafaa kuliko huko juu.

Mtu ataniambia, je, vyoo? Shule ya bweni iko na watu 600, hao ndio ng'ombe wako. Ni kweli, mtu mmoja anatoa kama lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku, ukizidisha unapata mita 12 hadi 18, hapo sasa ni gesi ya kupika kitu. Lakini hiyo si mradi wa klabu, hiyo ni ujenzi wa injinia na bodi na vibali, na inabidi muongee na wazazi na wapishi mapema sana kabla ya kuchimba, kwa sababu nimeona wapishi wakikataa kuwasha na watoto wakikataa kula. Gesi haina uchafu wowote, lakini mtu halazimishwi kwa tumbo lake. Faida kubwa ya bayogesi ambayo watu hawaitaji sana ni yale masalia ya mavi ya ng'ombe yanayotoka upande wa pili, mbolea safi kabisa, sukuma wetu iliyomwagiwa hayo haikuwa na mfano. Ukiwa na shamba la shule na ng'ombe sita kwenda juu na mtu anayelipwa mwaka mzima, bayogesi ni nzuri. Bila hao, subiri.

Sasa jiko. Ingia jikoni ya shule yako saa nne asubuhi ukae dakika kumi. Kama ni mafiga ama jiko la zamani lililopasuka utatoka ukilia machozi, na yule mama mpishi anakaa humo siku nzima, miaka. Mimi hilo ndilo lilinibadilisha mawazo, tulikuwa tunapanda miti 200 kwa mwaka na lori la kuni linaingia kwa geti letu mara mbili kwa mwezi. Tulikuwa hatujawahi kuhesabu lori ni miti mingapi.

Jiko la kuni lililojengwa vizuri, sufuria imezama ndani, liko na chumba kidogo cha moto na bomba la moshi, linapunguza kuni karibu nusu ukilinganisha na moto wa wazi, mengine zaidi ya hapo. Linapika Desemba? Halipiki, lakini halifi pia, linakaa tu. Halilishwi. Mpishi ndiye anayelitunza na mpishi halipwi ziada. Ni pesa, ndiyo, fundi na matofali ya moto na sufuria ya saizi, lakini bursa anaona pesa ikirudi kwenye karatasi ya kuni, na ukimwonyesha bursa hiyo karatasi miezi mitatu mfululizo hutaomba tena kusikilizwa.

Na kabla ya hata kujenga jiko, kuna kitu kisicho na gharama kubwa. Kuni mbichi inaweza kuwa karibu nusu yake ni maji, yaani mnanunua maji, mnayachemsha, yanatoka kwa bomba kama moshi. Jenga banda la mabati, pasua kuni nyembamba, nunua muhula mmoja mbele ili zikauke. Klabu yangu ilifanya hiyo kama jaribio, wiki moja kuni mbichi, wiki moja kavu, wanapima kwa mizani ya shamba kila asubuhi, sufuria ile ile, chakula kile kile. Hiyo ndiyo kazi ya sayansi nzuri kuliko zote nilizowahi kusimamia. Watoto wanapima, wanachora grafu, wanabishana kama upepo ulikuwa sawa, na mama mpishi kwa mara ya kwanza anaulizwa maswali kama mtaalamu, ambaye ndiye.

Briketi, yale makaa ya kukandamizwa kutoka kwa taka, naziweka hapa pembeni. Zinategemea uko na taka gani karibu. Nakuru kampuni ya maji ya mji, NAWASSCO, imetengeneza briketi kutoka kwa kinyesi cha vyoo vya mji kikichanganywa na mabaki mengine, kwa hivyo sio ndoto. Ahero kuna maganda ya mchele, ukanda wa miwa kuna makapi ya miwa, na kila soko lina unga wa makaa chini ya magunia. Unga wa makaa, uji wa muhogo ama molasi wa kushikisha, mashine ya kukamua kwa mkono, siku kadhaa juani. Watoto wanapenda na wanaweza kuuza kidogo. Ila kulisha jiko la shule nzima kwa briketi za klabu ni kazi ya kiwanda, na msimu wa mvua hazikauki. Ichukue kama mradi wa kujifunza na wa kupata pesa kidogo ya klabu, usiahidi prinsipali kuni zitaisha.

Mboji sijaipa nafasi yake kwa sababu haina ubishi, kila shule ifanye. Mabaki ya jikoni, majani makavu, samadi, pindua kila wiki mbili, ukiona joto ndani linachoma mkono inaiva. Walio karibu na ziwa huko Dunga wanaweza kuongeza gugu maji, likaushwe kwanza, na likusanywe kabla halijatoa mbegu.

Sasa wewe uchague upi

Kama mko shule ya kutwa, watoto wengi, pesa hakuna kabisa, miti ya kubeba nyumbani pamoja na mboji, mmwage mbegu Januari. Kama mko Nakuru na maji ni ya kisima, gata na tangi, hata kama ni tangi dogo la kuanzia la kunywa peke yake. Kama ni bweni na lori la kuni linaingia, jiko, na kabla ya jiko banda la kuni. Hapo sina shaka yoyote, shule ya bweni inayopika kwa mafiga ikipanda miti kwanza inajaza ndoo iliyotoboka. Bayogesi ni ya shule yenye ng'ombe wengi, maji na mfanyakazi wa mwaka mzima, na ziko chache. Huku Kakamega kwenye mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka tangi linajaa haraka lakini pia chemchemi ziko karibu, so shida ya maji sio kali kama Gilgil, mimi ningeweka jiko mbele.

Kuna wale wanaochagua kwa ajili ya mashindano, maonyesho ya sayansi ya shule na mengine. Sio vibaya, watoto wanahitaji kusafiri na kusimama mbele ya watu. Lakini waamuzi wanataka vipimo, na nasari ya miti bila vipimo ni bustani tu. Hapo jiko na floraidi zinashinda mbali, ama mkitaka miti basi linganisheni kitu, mbegu zilizolowekwa na zisizolowekwa, zipi zimeota ngapi. Mnamkumbuka Peter Tabichi, yule mwalimu wa Keriko, shule ya kutwa ya kijijini kule Njoro, aliyeshinda tuzo ya mwalimu bora duniani Machi 2019, dola milioni 1. Watu wanakumbuka dola. Mimi ninachokumbuka ni kwamba wanafunzi wake walitambuliwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza kwa mradi wa kutoa umeme kutoka kwa mimea ya hapo kwao, shule iliyokuwa na kompyuta moja na mtandao wa kusuasua. Walichukua kilichoota karibu na darasa lao wakakipima.

Jambo lingine ambalo halihusu mradi bali watu. Patroni atahamishwa. Mimi nilihamishwa katikati ya nasari, na aliyekuja baada yangu alikuwa mwalimu mzuri lakini hakuna daftari lolote nililomwachia, alikuta miche hajui ni ya nini. Uwe na walimu wawili, mmoja awe wa Kilimo kama yuko manake anajua udongo kuliko sisi wengine, na viongozi wa klabu wawe wa madarasa ya chini, sio wale wa mwaka wa mwisho wanaoondoka. Mpishi na soja wawe wanachama wa klabu kabisa, wakae kwa mkutano, waandikwe. Soja wetu wa Kakamega ndiye aliyeokoa nasari Desemba moja kwa sababu tu tulimpa miche ishirini ya avokado apeleke kwake, na akaona hizo zingine ni zake pia.

Nikirudi kwa yule mwalimu wa Nyando. Shule yake ni ya bweni na kutwa mchanganyiko, mafuriko ya mvua ya masika huingia hadi karibu na vyoo na maji ya kunywa yanaharibika wakati huo huo ambapo maji yamejaa kila mahali. Alikuwa ameshaambiwa na mtu achimbe mtambo wa bayogesi wa matofali. Nikamwambia mwalimu, udongo wako ni ule mweusi unaopasuka kiangazi hadi mguu unaingia, kuba la matofali chini ya huo litapasuka nalo, na ng'ombe ni watatu. Tukakubaliana gata kwanza, na banda la kuni kwa mabati yanayobaki.

Jana amenitumia vipimo walivyochukua na wanafunzi wake. Paa la bweni la wasichana, mita 30 kwa 9, gata ya upande mmoja imeoza, ya upande wa pili inafaa ikizibwa viungo. Upande mmoja ni mita za mraba 135, mvua ya milimita 20, ukizidisha kwa ile 0.8, ni lita 2,160 hivi. Nimemwambia waanze na huo ulio mzima, wachimbe ule udongo mweusi wautoe kabisa pale tangi litakaa, wajaze mawe na changarawe waishindilie kabla ya kumwaga zege, na jukwaa wainue juu ya alama ile ya matope iliyobaki ukutani kutoka mafuriko ya mwisho. Watoto wanajua hiyo alama iko wapi, wamesema inafika kiunoni kwa mtoto mdogo wa shule.